Mwizi Aliyefuata Kipanya

Martina, au Mama Limi kama wanavyomwita mtaani kwake Kambarage, ametengeneza redio kwa miaka kumi na tisa. Alizaliwa Samuye, akasomea ufundi chuoni, na hajawahi kumwambia mteja kuwa kitu kimeharibika kabla ya kukipima. Ni tabia ndogo tu, lakini wenye vyeo wengi hawanayo.

Mwezi Juni aliitwa kwenye machimbo madogo nje ya Geita, ambako lango, maduara ya kuchimbia dhahabu na ofisi huwasiliana kwa redio za upepo. Msimamizi wa redio hizo, Salmini, alikuwa amechomeka kifaa cha kupokea mawimbi kwenye kompyuta. Rhoda wa ofisini alipozungumza kwenye masafa ya 155.50, sauti yake ilisikika pia, kwa unyonge, kwenye 155.30. Salmini akatangaza kwamba kuna mtu anayewarushia wezi wa dhahabu maongezi ya machimboni. Alihudhuria semina ya siku tatu, akarudi na cheti chenye muhuri mpana. Tangu hapo muhuri ndio unaofikiri badala yake.

Wakubwa hawakuuliza kipimo. Waliitisha kura ya siri, kama vijijini ng'ombe wakiibwa: kila mtu aandike anayemshuku. Ndoo ikajaa jina la Marwa, mlinzi wa lango, kwa sababu anakaa karibu na antena na hana ndugu pale. Wanaume arobaini walificha miandiko yao, wakauita huo ushahidi. Marwa akapewa hadi saa kumi jioni awe ameondoka. Mwenyekiti wa machimbo, Mwigulu, alimwita Martina aje tu kuitafuta redio iliyofichwa.

"Shikamoo, Mama Limi," alisema Marwa, ameketi juu ya begi lake pale ofisini.

"Marahaba. Njoo ukae hapa, mikono mezani. Rhoda, shika redio yako uongee."

Kwenye skrini ilisimama mistari miwili, mmoja mrefu, mwingine mfupi. Katikati yake ilikuwa 155.40, pale Salmini alipokitegesha kifaa.

"Huyo mfupi ndiye," alisema Salmini.

Martina alishika kipanya, akasogeza katikati hadi 155.45. Mstari mrefu haukutikisika. Mfupi uliruka hadi 155.40.

"Kashtuka," alisema Salmini. "Kahama masafa."

Akasogeza tena. Ukaruka tena.

"Mtaalamu, huyo mwizi wako anakiona kipanya changu?"

Rhoda, kidole bado kwenye kitufe, alicheka hewani, machimbo yote yakamsikia.

"Kifaa hiki kina njia mbili zinazotakiwa kulingana," Martina alieleza. "Zako hazilingani, kwa hiyo sauti moja inatokea pande zote mbili za katikati, kama uso kwenye kioo. Redio ya kweli haihami ukisogeza kifaa."

Aliwasha marekebisho kwenye programu. Mstari mfupi ukazama, Rhoda angali anaongea.

Mwigulu alikohoa. "Haya, Marwa, tumekusamehe. Rudi langoni."

"Mmenisamehe nini?"

Martina alifunga kompyuta.

"Mwenyekiti, kura mlizisoma mbele ya watu wote. Na hili watangazie wote. Bila hivyo sigusi redio yenu hata moja."

Mwigulu alichukua redio ya mezani, akaangalia viatu vyake. "Marwa hana kosa. Kifaa ndicho kilichodanganya."

Hata hapo alikisingizia kifaa, kana kwamba kifaa kilipiga kura. Marwa alijitwika begi lake akarudi langoni, akipita katikati ya wale arobaini. Hakuna aliyempokea mzigo.