Kifuko cha Nukta Nyekundu

Sarafu nilikuwa nikizichukua benki ya Qurum hapa Maskat, karibu na ofisi yangu, na kuzirudisha benki ya Mabela, karibu na nyumbani. Sikuwa na la kuficha. Ila mtu akichukua sarafu mia moja Jumapili na kuzirudisha Alkhamisi kwenye dirisha lile lile, mwenye dirisha huanza kuuliza, na jibu langu halikuwa fupi.

Jibu lenyewe ni hili. Siku moja kwenye karamu ya harusi nilimsikia mjomba akisema kwamba zile sarafu za zamani, zilizoandikwa Maskat na Oman kabla nchi haijaitwa Oman tu, bado zinazunguka mikononi mwa watu, ila hakuna anayetazama. Wote pale mezani waliafiki. Mimi nilitaka kujua ni nani kati yao aliyewahi kutazama. Hakuwepo hata mmoja. Ndipo nikaanza.

Benki hutoa sarafu mia mia, zimefungwa kwenye vifuko vya nailoni. Nikifika nyumbani nazimwaga juu ya meza ya jikoni na kuzipitishia sumaku. Za miaka ya karibuni huirukia sumaku, za zamani hubaki mezani, na hizo ndizo nazigeuza moja moja nisome mwaka. Kwa miezi minane nilipata za Maskat na Oman nne. Mjomba alikuwa amesema kweli, jambo lililoniudhi kidogo.

Kutafuta hakuna tabu. Tabu ni kurudisha zile usizozitaka. Mjini hapa watu wanalipa kwa simu na kadi, na mwenye duka akikosa baisa hamsini za kukurudishia, na baisa elfu ndiyo riali moja, anakupa chingamu, yamekwisha. Benki nayo hupokea sarafu shingo upande. Ziwe za aina moja na zitimie mia. Ukileta tisini na tisa unaambiwa urudi nazo. Kila kifuko nilichorudisha nilikitia nukta nyekundu kwa kalamu, ili kikinijia tena kupitia tawi jingine nisipoteze jioni yangu kukitazama mara ya pili.

Mama hakuwahi kuniuliza nafanya nini na sarafu. Alikuwa na zake.

Ni desturi aliyotoka nayo Unguja. Mtu akiwa na safari au ugonjwa, Mama huchukua sarafu moja kila alfajiri kwa siku saba, akaizungusha juu ya kichwa cha mtu huyo mara tatu huku akisoma kwa sauti ya chini, kisha akaiweka kwenye bakuli la udongo jikoni. Siku ya saba sarafu zote hutoka nyumbani kuwa sadaka. Hazinunui kitu, hazibadilishwi. Kuombaomba barabarani ni marufuku hapa, kwa hiyo mpokeaji amekuwa siku zote yule Mbangladeshi anayefagia mtaa wetu.

Maswali nilishauliza yote. Kwa nini saba? Kwa nini sarafu, na baisa hamsini hazimpi mtu chakula cha maana? Mbona leo umezungushia kulia na jana kushoto?

"Hayo maswali ungeyamaliza chuoni," alinijibu. "Ndiko tulikokupeleka."

Wiki ninayoisimulia alikuwa akijizungushia mwenyewe. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na la kulia lilikuwa karibu limefunga. Sarafu alikuwa akizitambua kwa kidole. Operesheni alikuwa ameshaiahirisha mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu Ramadhani ilikuwa inakaribia, mara ya pili kwa sababu alimwona daktari ni kijana mno. Daktari alikuwa amesema jicho lile halitaki kusubiri zaidi. Safari hii tulipangiwa Alkhamisi asubuhi na mimi nilikuwa nimeshaomba ruhusa kazini.

Jumatano, kabla ya kwenda ofisini, nilikuwa nafunga kifuko cha kurudisha nikakuta kimepungua sita, kwa sababu sita za miaka nisiyokuwa nayo nilikuwa nimezitoa nizihifadhi. Bakuli la Mama lilikuwa pale pale na sarafu zake saba za baisa hamsini. Nilijua ni za nini. Nikachukua sita, nikaacha moja, na juu yake nikaweka noti ya nusu riali. Nilijiona mkarimu. Kifuko nikakipitisha benki ya Mabela, nikaenda kazini.

Saa sita mchana akanipigia simu.

"Kuna karatasi kwenye bakuli langu."

"Nusu riali, Mama. Nilichukua sarafu sita. Nimekuzidishia."

"Umezipeleka wapi?"

"Benki."

"Nimeziweka juu ya kichwa changu nikasema kila nnachokiogopa, na wewe umekwenda kujiwekea benki."

"Baisa mia tatu, Mama. Basi izungushe hiyo noti."

"Za siku saba nizizungushe kwa siku hii moja? Na wewe ndiye uliyesoma hesabu?"

Nikamwambia nitamletea sarafu sita nyingine. Akasema hizo si zake. Kisha akasema, bila hasira yoyote, "Kesho siendi mie. Mpigie daktari umwambie." Sauti ile naijua. Ndiyo aliyoitumia mara mbili zilizopita.

Benki hufunga saa nane. Nilitoka Qurum nikiwa na hoja zangu zote mkononi. Garini, kwenye kitundu cha kuwekea bilauri, kulikuwa na sarafu za hamsini nyingi zaidi ya sita, ambazo asubuhi sikuzikumbuka. Mama haoni. Ningeweza kupaki mahali, nikasubiri nusu saa, nikaenda nyumbani nikasema ndizo hizi. Nani angejua? Niliwaza hivyo njia nzima na huku naendelea kuendesha kuelekea benki. Kwa nini, nina majibu matatu na hakuna hata moja ninaloliamini.

Msichana wa dirishani ni wa umri wangu, na siku zote tulikuwa tukizungumza Kiarabu. Nilipokuwa kwenye foleni Mama alipiga tena kuuliza kama nimeshampigia daktari, nikamjibu bado. Nilipofika dirishani yule msichana, aliyekuwa amenisikia, akanisemesha kwa Kiswahili.

"Kumbe wewe ni wa kwetu. Miezi yote hii nakudhania una duka."

"Sina duka."

"Humu ndani tunakuita Mwenye Nukta. Umetuletea nyingine?"

"Nataka ile ya asubuhi."

Akanitazama. "Umeileta saa mbili, unaitaka saa saba na nusu. Dada, hapa si mahali pa kuweka mizigo."

Nikamweleza. Nilitaraji acheke, hakucheka. Akasema bibi yake alikuwa akizungusha mayai, na mjukuu akila moja kwa bahati mbaya nyumba nzima hailali. Kisha akainama, akavuta mtoto wa meza wa chini kabisa. Mlikuwa na vifuko vyangu tisa au kumi, vyote vina nukta, vya miezi na miezi. Hakuna aliyeviomba. Mimi nilikuwa nimekaa nikiogopa visinirudie, navyo havijawahi kutoka Mabela.

"Cha leo ni hiki cha juu," akasema. Nikampa riali tano. Akakishikilia kidogo kabla ya kunipa. "Sasa humu ndani sita ni zipi?"

"Hapo ndipo sijui."

"Basi mwenyewe atajua."

Sikumwambia kwamba mwenyewe haoni.

Nyumbani nilimwekea Mama kifuko mapajani na kumwambia ukweli: zimo humu, lakini zimechanganyika, na hakuna njia ya kuzitofautisha. Akatia mkono ndani, akazipapasa muda mrefu, kama mtu anayechagua mchele. Nilikuwa nasubiri achague sita zozote ili nipate la kusema.

"Zote," akasema.

"Zote ni riali tano, Mama."

"Nimekuuliza bei?"

Akaongeza ile moja iliyobaki kwenye bakuli. Baada ya alasiri mfagiaji alipopita na toroli lake tukatoka mlangoni. Mama akampa kifuko. Yule bwana akakipima kwa mkono, akatikisa, akaniuliza kwa kile Kiarabu cha kazini kama karatasi hakuna.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Anataka noti. Anasema nzito."

Mama akacheka, mara ya kwanza wiki ile. "Mwambie karatasi sikuizungusha." Kisha akatoa ile nusu riali yangu mfukoni mwa kanzu akampa vilevile, kwa ajili ya uzito wa mzigo. Mfagiaji akashukuru, akalielekeza toroli moja kwa moja kwenye duka la pembeni.

Alkhamisi Mama alikwenda. Kwenye chumba cha kusubiri alimuuliza nesi daktari ana miaka mingapi, na jibu hakulipenda, lakini hakuinuka. Operesheni ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya kuandikisha jina. Alitoka na jicho limefunikwa, na kesho yake walipolifunua alirudi nyumbani akasema ukuta wetu wa sebuleni ni mchafu.

Sidai kwamba moja lilitokana na jingine. Alikwenda kwa sababu sadaka ilitoka, na jicho likapona kwa sababu daktari anajua kazi yake. Nimeyatenga mambo haya mawili na sijaona haja ya kuyaunganisha.

Jumamosi alinituma mkate. Mhindi wa duka la pembeni alihesabu chenji akaniwekea mbele sarafu mbili za hamsini, amefurahi. Alisema tangu Jumatano anazo nyingi, hana haja ya kuwapa watu chingamu. Nikazitazama pale juu ya kioo. Mkono wangu umeshazoea. Kwa kawaida ningezigeuza nisome mwaka.

"Nipe chingamu," nikamwambia.

"Chenji ipo, dada."

"Najua."

Mama alikuwa barazani, mkono juu ya jicho la kushoto, anajaribu kusoma namba za magari. "Chenji iko wapi?"

Nikampa chingamu. Akaigeuza, akanitazama kwa jicho jipya muda kidogo, kisha akaimenya na kuitafuna.