Unga wa Mchicha Ndani ya Supu

Fundi cherehani aliwekewa vali ya chuma kwenye moyo miaka sita iliyopita. Tangu hapo kila jioni alimeza kidonge cha kuzuia damu isigande, na kila mwezi akaenda kupimwa. Mboga za majani alikula, ila kwa kiasi kile kile kila wiki, maana zina vitamini K, nayo huipiga vita dawa hiyo.

Wifi yake, dada wa mumewe, alipostaafu akahamia kwao, kitu cha kwanza kufungua kilikuwa kabati la dawa.

"Unajua kidonge hiki ni dawa ile ile ya kuulia panya?"

"Najua, wifi. Kwa kiasi kidogo ni dawa. Kirudishe."

"Ndiyo maana umepauka hivyo! Mke wa kaka yangu akauke mimi natazama?"

"Wewe tazama tu."

Toka siku ile waliongea kupitia kwa mume, naye akajitia uziwi. Wifi akaliteka jiko. Kila mchana bakuli la supu ya choroko lilitupwa mezani, kando ya cherehani, bila karibu wala nini.

Mwezi ule kipimo kilionyesha damu inaganda upesi mno. Muuguzi akamfokea mbele ya foleni nzima: "Dawa humezi, unatuchezea!" Fundi akaapa kwamba anameza, hawakumwamini. Wakamwongezea dozi, wakamrudisha nyumbani.

Siku nne baadaye, akishona kola ya shati, mkono wa kushoto ukalegea na mdomo ukaenda upande.

Hospitalini daktari akauliza mgonjwa anakula nini. Wifi akadakia, kifua mbele: "Namtilia unga wa mchicha kwenye supu, vijiko vitatu kila siku. Nimemwongezea damu mimi!"

"Umemgandisha damu, mama."

"Mboga haijaua mtu!"

"Kwa anayetumia dawa hii, ikizidi ghafla, inaua."

Safari hii mume alisikia. Jua halijazama, mizigo ya dada yake ilikuwa nje ya mlango.

Mdomo ulirudi mahali pake, vidole viwili havikurudi. Siku hizi fundi anashona mishono iliyonyooka tu. Matundu ya vifungo anampelekea jirani, na ulimi wake umekuwa mkali kuliko mkasi. Mama mkwe alipopiga simu kusuluhisha, hakumpa nafasi.

"Mwanangu, wifi yako alikuwa na nia njema."

"Basi mama, abaki nayo huko huko. Kwangu asikanyage."

Akakata simu, akavuta kitambaa kwa mkono wa kulia.