Vidudu Vyeusi vya Makobola

Naona haya kuandika haya, mimi niliyebeba saruji Lubumbashi hadi nikajilipia diploma ya kilimo. Nilirudi kuwafundisha wakulima wa Makobola kutofautisha wadudu: nzi, panzi, vipepeo, mbawakawa. Nilimsifu sana mbawakawa mwekundu mwenye madoa, anayekula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea.

Kwenye maharage ya Mama Nabintu, mmoja wa wakulima hao, nikaona vidudu vyeusi visivyo na mabawa.

"Hawa waharibifu. Pondeni wote. Mimi nimesoma."

Wakaponda.

Baada ya majuma mawili vidukari walikuwa wamemaliza shamba lake. Mama Nabintu alikuwa amefungia vichache vya vile vidudu vyeusi kwenye chupa, aone vinakula nini. Akainyanyua mbele ya wote. Ndani walitembea mbawakawa wekundu wenye madoa.

"Mwalimu," akasema polepole, "njo kusema tuliponda watoto ya hawa weye uliwasifu?"