Mkaguzi wa Kingo za Barabara

Mkaguzi wa halmashauri hugonga kila jiwe la ukingo kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayebisha hodi, kisha husubiri kidogo. Futi kamba yake huikunjua taratibu, kama fundi anayempima bibi harusi. Bibi Threlfall alimtazama kutoka mlangoni, amevaa lulu zake. Tangu afiwe na mumewe, Jaji, gari lilikuwa likilala barabarani, ilhali jirani yake Ollerenshaw, muuza mazulia, alikwisha kushushiwa ukingo, mawe yakalazwa usawa wa barabara, na aliingiza gari kwake bila hata kutikisika. Sasa Bibi Threlfall naye alikuwa ameomba wake ushushwe.

“Ili tuushushe, bustani ya mbele sharti ienee gari zima,” mkaguzi alisema kwa sauti ya kusoma wosia. “Lisije likaacha makalio njiani.”

“Makalio! Bwana, hili ni gari la marehemu Jaji!”

“Hata la jaji lina makalio, bibi.”

Alipima. Dirisha la sebule lililotokeza mbele lilikuwa limekula nafasi. Mkaguzi alilitazama, akavuta tumbo lake ndani, akabana pumzi, akapima tena. “Bado kiganja,” alisema kwa huzuni, akaliachia tumbo. Kisha akaugonga kwa kiatu ukuta mfupi uliotenga bustani na barabara, uso ukamchangamka. “Kwani huu hauvunjwi ili gari lipite? Basi unene wake nao unahesabika. Imetosha!”

Pazia la Ollerenshaw lilitikisika. Mkaguzi alikunja futi kamba na, badala ya kuvuka barabara pale kwenye ukingo ulioinuka wa Bibi Threlfall, akatembea hadi kwa Ollerenshaw, akavukia kwenye ule ulioshushwa.

“Safari ijayo,” Bibi Threlfall alipaza sauti mtaa mzima usikie, “utavukia kwangu!”