Fungu la Chini ya Meza

Kuna watu wanaoingia sokoni na kikapu, na kuna wanaoingia na mdomo tu. Mama Mizani aliingia na mizani. Ni kimizani kidogo cha kuweka mezani, kinakaa ndani ya mkoba wake kikiwa kimeviringishwa kwenye taulo la zamani ili kisigongwe. Ukiuliza ofisini watakwambia huyu ni mdadisi wa bei. Ukiuliza sokoni watakwambia, aah, si yule dada wa serikali, anayepima nyanya utadhani anapima dhahabu!

Wacheke tu, lakini kazi ile si mchezo. Kila mwezi anapita meza zilezile na kuuliza vitu vilevile: mchele, sabuni ya kipande, mafuta ya kupikia, mkaa, kunyoa nywele. Bei zake zinakwenda makao makuu ya mkoa, zinakutana na bei za masoko mengine, na huko ndiko inakotoka ile habari ya redioni kwamba gharama za maisha zimepanda asilimia kadhaa. Sabuni haina shida, kipande kina jina lake na uzito wake. Balaa liko kwenye mafungu. Muuza nyanya hapandishi bei ya fungu ng'o, wateja watamkimbia. Anachopunguza ni fungu lenyewe. Leo nyanya sita, mwezi ujao tano, mwezi wa tatu nne na moja imebonyea, na bei ni ileile. Asiyepima ataapa hakuna kilichopanda. Na kwa kuwa huwezi kupima bidhaa ya mtu halafu ukajiondokea hivihivi, ofisi inalipia fungu hilo, na Mama Mizani anakwenda nalo nyumbani kupika.

Mwaka jana mumewe alifariki. Aliugua kidogo tu, akaondoka, akamwachia watoto watatu na nyumba ya kupanga. Mama Mizani alirudi kazini macho bado yamevimba. Sokoni alimkuta muuza nyanya, mwanamke mnene mwenye sauti ya kumsimamisha mtu aliye ng'ambo ya barabara, ambaye soko zima linamwita Shangazi, hata wanaomzidi umri. Siku ile Shangazi hakupaza sauti. Aliinama, akatoa fungu chini ya meza.

"Usihangaike kuchagua, mwanangu. Lako nimekuwekea."

Mama Mizani akapima, akaingiza uzito kwenye simu ya kazi, akasema asante, akaenda zake. Mwezi uliofuata ikawa vivyo hivyo, na uliofuata tena. Sasa, kanuni ya kazi inasema upime fungu lililo juu ya meza, lile ambalo mpita njia yeyote angelichukua. Kanuni hiyo anaijua, tena amewafundisha wenzake. Lakini hebu niambie, mtu ametoka kuzika, anaambiwa "lako nimekuwekea", ulitaka ajibu nini? Hakuwa na nguvu hata ya kuchagua viatu asubuhi, sembuse nyanya.

Basi mambo yakaenda hivyo mpaka alipoitwa na mkuu wa takwimu wa mkoa. Huyu makarani walimpachika jina la Bwana Nukta, kwa sababu anaweza kukuweka asubuhi nzima mkibishana juu ya nukta moja. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye namba ikikaa upande, na yeye halali.

"Keti, mama," alisema. "Mkoa mzima nyanya zimepanda. Mkaa ndiyo usiseme. Soko lako peke yake limelala fofofo. Kuna miezi nyanya zako zimeshuka!"

"Ndivyo nilivyopima, mkuu."

"Nakuheshimu sana, mama. Lakini wapo wanaokaa nyumbani miguu juu, wananakili bei za mwezi uliopita na kuongeza chumvi kidogo. Nimeshawahi kuwafukuza watu hapa kwa kupika takwimu." Akavuta pumzi. "Mkataba wako unaisha mwezi ujao. Siwezi kuusaini wakati sijui bei hizi zimetoka sokoni au zimetoka kichwani."

Mama Mizani alitoka pale akiwaza mshahara. Mshahara ule ni mdogo, lakini ndio unaolipa kodi ya nyumba na kuwavisha watoto sare. Hata hivyo kilichomchoma zaidi ni kuitwa mpishi wa takwimu. Yeye! Aliyewahi kupima kitunguu kimoja kimoja mvua ikimnyeshea! Alilia njia nzima, akajifuta uso kabla ya kugonga mlango wake mwenyewe.

Nyumbani alikuwepo wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuja kuwasalimia na kukaa siku mbili tatu. Mawifi hawa hawakuwahi kusalimiana bila kutupiana maneno. Siku hiyo wifi akaona mwenzake hana hata jibu la kurudisha, akajua kuna jambo, lakini hakumchimba. Alichukua kikapu akasema anakwenda sokoni yeye, leo atapika mtu anayejua kupika. Aliporudi, alianza kupiga kelele tangu mlangoni.

"Wifi! Soko lako hilo ni la majambazi! Tazama! Hili ndilo fungu? Hili?"

Mama Mizani akatazama nyanya zilizo mezani. "Umenunua kwa nani?"

"Kwa yule mnene mwenye sauti ya king'ora."

"Kwa Shangazi? Haiwezekani. Wewe umekula nyingine njiani."

"Nyanya mbichi nile njiani, mimi mbuzi?"

Mama Mizani akatoa mizani kwenye taulo. Akapima, akatoa, akapima tena. Bei ileile aliyolipa yeye wiki iliyopita, meza ileile, lakini uzito haukufika hata nusu ya fungu lake. Akakimbilia jikoni kwenye mkaa ambao wifi ameununua kwa jirani wa Shangazi, akaupima nao. Mkaa pia ulikuwa pungufu. Akaketi kwenye kigoda na mkono kinywani. Wifi mtu akadhani amekasirishwa na wizi, akaanza kujitolea kwenda kumrarua mtu.

"Acha, wifi," alisema. "Aliyepunjwa si wewe. Mimi ndiye nimependelewa."

Kesho yake alifika sokoni Shangazi akiwa bado anapanga. Akamweleza yote kwa pumzi moja. Shangazi alijifanya hasikii, akafuta nyanya ambayo ilikwisha kung'aa, halafu akamwita jirani yake, muuza mkaa ambaye kwa maajabu yake huvaa shati jeupe kila siku na hulioni doa. Wanamwita Mkaa Mweupe.

"Njoo," alimwambia. "Tumekamatwa."

Mkaa Mweupe akacheka kwa aibu. Akainua makopo mawili anayopimia. La wateja wote kitako chake kimebonyezwa kwa ndani. La pili kitako chake kizima. "Hili lako, dada. Tena nalitikisa mkaa ushuke, ndipo naongeza juu."

"Tulikuja msibani," Shangazi alisema, sasa bila kumtazama usoni. "Tukawaona wale watoto. Tukasema tumchangie. Lakini wewe tunakujua, kichwa chako jiwe, pesa ya watu hungeipokea. Basi tukasema kila mtu atie kwa kile anachouza. Hatukujua kama tunakuharibia, mwanangu, Mungu shahidi."

Mama Mizani alitaka kukasirika na hasira ikagoma kutoka. "Shangazi, mmenipenda mpaka mnataka kunifukuzisha kazi! Zile habari za redioni za soko moja moja, kwamba huku kwetu maisha hayajapanda, chanzo chake si ndiyo haya mafungu yangu?"

Shangazi akaacha kufuta nyanya. "Kumbe ni wewe? Mimi siku ile nimeitukana ile redio matusi ya nguoni! Nilisema huyo anayesema nyanya hazijapanda, tangu azaliwe hajanunua nyanya!"

Wakacheka wote watatu mpaka Mkaa Mweupe akashika meza. Kisha Mama Mizani akalia, na Shangazi akamvuta kifuani.

Angeweza kunyamaza. Mwezi ujao angepima fungu la juu ya meza, bei ingeruka, na nani angejua? Wazo hilo alilikalia siku nzima, tena lilimtamanisha kwelikweli. Lakini wale walionunua kwenye kopo lililobonyea, maisha yao yamepanda na hakuna aliyeyaandika. Asubuhi akaenda kwa Bwana Nukta, akamwambia lote, na la kukosea kanuni akalitaja mwenyewe kabla hajaulizwa.

Bwana Nukta alivua miwani. Hakucheka, wala hakufoka. "Tangu lini?"

"Tangu msiba."

"Mama, hizo ni takwimu mbovu."

"Najua, mkuu."

"Nyanya na mkaa wa soko lako nitaviondoa kwenye hesabu zote za nyuma, na maelezo nitaandika mimi." Akavaa miwani tena. "Safari ijayo nakuja mwenyewe. Nitanunua kama mtu baki, kisha utapima wewe. Tukilingana, nasaini. Tusipolingana, tutaagana salama."

Siku hiyo ikafika. Mama Mizani hakumdokezea Shangazi kwamba kuna mgeni. Kumwambia kungekuwa upishi mwingine. Alimkumbusha tu, siku chache kabla, kwamba kuanzia sasa anachukua la juu. Bwana Nukta alitangulia na fulana iliyopauka na kofia, akalipa, akasogea pembeni kwenye vitunguu na mfuko wake. Mama Mizani akaja.

"Fungu moja, Shangazi."

Mkono wa Shangazi ukaenda chini ya meza. Ulikwenda wenyewe, hata yeye nadhani hakuutuma.

"La juu, Shangazi."

"La juu limesinyaa."

"Hilohilo."

"Mwanangu, yule mdogo shuleni wanampa chakula?"

"Shangazi, nakuomba."

Mkono ukabaki kule chini, na Mama Mizani akaona mkataba wake, na jina lake, vyote viko kwenye vile vidole asivyoviona. Mwishowe mkono ukatoka mtupu. Shangazi akamsukumia fungu lililo mbele, akageuza uso pembeni, aibu imemjaa utadhani ni yeye aliyeumba njaa. Mama Mizani akaliweka kwenye mizani. Lilikuwa fungu dogo jamani, la kutia huruma. Akaandika.

Bwana Nukta akasogea, akatoa nyanya zake, akaziweka pale pale. Sindano ikasimama karibu kabisa na ilipokuwa. Akainama kuichungulia, yule mtu wa nukta, akaridhika.

"Jumatatu uje tusaini," alisema. Halafu badala ya kuondoka akabaki akiyatazama mafungu, na aliposema tena sauti yake ilikuwa imelegea. "Nimezipitia zile namba zako nilizozifuta, mama. Kwa mkoa hazifai. Lakini ulipima kweli. Mwaka mzima, katika mkoa huu wote, kulikuwa na nyumba moja tu ambayo maisha hayakupanda. Nyumba yako."

Mama Mizani aliitazama meza ile. Unga umepanda kwa Shangazi pia. Nauli imepanda kwa Mkaa Mweupe pia, naye ana watoto wengi kuliko yeye. Na mwaka mzima walimbebea, mwezi kwa mwezi, wala hawakumtupia jicho la kusubiri shukrani.

"Na huyu baba ni nani?" Shangazi aliuliza.

"Ni serikali, Shangazi."

"Ndiyo maana! Amelipa bila kuomba punguzo, nikasema maskini, huyu hana mke." Akajifunga kitambaa vizuri kiunoni. "Haya, serikali imeshamaliza?"

"Imemaliza."

"Umeshaandika?"

"Nimeandika."

"Basi funga mizani yako, uitie mkobani, niione imeingia."

Mama Mizani akaifunga. Bwana Nukta ghafla akakumbuka kwamba ana shida kubwa ya kujua bei ya vitunguu, akawapa mgongo. Shangazi akabomoa fungu la mbele, akabomoa na la pili yake, meza aliyoipanga tangu alfajiri ikabaki na mapengo, akanyoosha mikono yote miwili ikiwa imejaa nyanya. Mama Mizani alizipokea kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka hadharani, akasema asante kama alivyosema mwaka mzima. Ila mara hii alijua anapewa nini.