Would Moja kwa Sentensi Nzima

Nilimsikia kabla sijamwona. Ndara za plastiki zilishuka ngazi za jengo letu mtaani Al-Nuzha, pwata, pwata, kisha zikasita mlangoni petu. Hadi leo ndara zikipiga sakafu popote, mimi hugeuka nikitarajia kumwona Auntie Kadzo na daftari lake kwapani.

Baba alikuwa fundi wa mashine hospitalini Jeddah, ndiyo maana tuliishi huko familia nzima. Auntie Kadzo, mtu wa kwetu Kilifi, alifanya kazi kwenye nyumba ya juu yetu. Kila Ijumaa madam wake akienda kumwamkia mamake, yeye alipata nusu saa ya kushuka kunywa chai ya iliki ya mama. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nasoma shule ya Kiingereza, na kwa hilo nilijiona profesa.

Ijumaa moja hakugusa chai. Alikuwa amemaliza miaka miwili na alitaka likizo, kwani binti yake huko nyumbani alikuwa ameanza kumwita "auntie" kwenye simu, kama nilivyomwita mimi. Ruhusa ilikuwa ya bosi, mume wa madam, aliyefanya kazi Riyadh, naye alitaka aandikiwe kwa Kiingereza. Mfanyakazi wa awali alikwenda likizo na, halas, ikawa basi, hakurudi. Kwa hiyo kila neno lilikuwa na uzito.

Alikuwa ameandika: "If you would let me go, I would come back."

"Hapo umekosea, auntie," nilisema kwa sauti ya mwalimu wangu. "Would haikai upande wa if."

"Mbona kwetu -nge- hukaa kotekote? Ungeniruhusu, ningerudi. Huku na huku, haki sawa."

"Kiingereza hakitaki."

"Wachoyo hao. Would moja kwa sentensi nzima?"

Mama alicheka hadi chai ikamwagika. Mimi sikucheka. Nilieleza kwamba would ni ya jambo la kuwaza tu, na will ni ya jambo litakalokuwa kweli.

"Sasa yako ni ipi?" nilimuuliza.

Aliizungusha kalamu. Akamtazama mama, na mama akazidi kupangusa meza iliyokwisha kukauka.

"Andika will," auntie alisema, akanisukumia daftari.

Siku ya tatu jibu lilitoka Riyadh: miezi miwili. Sifa zote nilijipa mimi.

Siku ya safari alikuja kutuaga, ana sanduku na mablanketi yake yote mawili.

"Ukirudi utaniletea nini?" nilimuuliza.

"Ningerudi, mwalimu wangu, ningekuletea mabuyu."

"Sema nikirudi, auntie."

"Haya. Nikirudi."

Ukubwani ndipo nilipong'amua kwamba mara zote mbili nilimsahihisha mtu aliyekuwa akisema kweli. Mama alijua. Hakumwambia "tutaonana". Alimkumbatia tu, akamshikilia kupita desturi, akamwambia, "Msalimie mwanao." Teksi ilipiga honi. Auntie Kadzo alijitwika mablanketi, akabeba sanduku, akatoka, na mama akaurudisha mlango polepole nyuma yake.