Kabati la Pande Mbili

Usijenge kabati kwenye ukuta wa nyumba ambayo si yako, hata kama mwenye nyumba ni mama yako mzazi. Mimi niliambiwa mapema, tena na mtu aliyejua kazi yake, nikamwona mjinga. Sasa naandika kwa sababu hasira haijaisha, na sioni dalili ya kuisha.

Nilirudi nyumbani Kiganjo ndoa yangu ya Nakuru ilipovunjika. Ndoa hiyo sitaieleza hapa. Nilitoka na cherehani na mabegi mawili, basi. Mama alinipokea vizuri, hilo siwezi kumnyima. Alinipa chumba changu cha usichana, kile cha mwisho kwenye korido, ambacho tangu niolewe kilikuwa kimegeuzwa stoo ya mahindi. Aliniambia chumba ni changu, nikitengeneze nitakavyo. Mtu aliyetoka kufukuzwa hulishika neno kama hilo kwa mikono miwili, na mimi nililishika.

Nilipanga kibanda mjini Nyeri, nikaanza kushona yunifomu za shule. Kwa miezi mingi nguo zangu zilining'inia kwenye misumari, na ukuta ule wa mawe ukazitia ukungu. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika niliamua kukarabati chumba. Nilisakafu, nikapaka rangi, nikabadilisha kioo cha dirisha kilichopasuka. Pesa iliyobaki ilikuwa ya kabati, na haikuwa nyingi.

Anayefikiri kabati ni kabati tu hajawahi kununua milango. Milango ndiyo inayokula pesa. Kuna ile ya kusukuma yenye vioo virefu, ambayo niliitamani hadi nikaona haya, lakini reli zake ni ghali, na zile reli za bei nafuu hukwama kabla mwaka haujaisha. Kuna ya chipubodi, ile mbao ya unga uliogandishwa, iliyobandikwa karatasi inayofanana na mahogani. Dukani inapendeza sana, lakini ukiileta kwenye baridi ya Kiganjo mwezi wa saba, inavimba kama mandazi. Halafu kuna pazia. Nilizunguka maduka ya mjini Jumamosi tatu, nikafungua na kufunga milango ya watu mpaka wauzaji wakaacha kuniamkia.

Mama alisema pazia lingenitosha, mimi ni mtu mmoja. Wiki hiyo hiyo kaka yangu alikuja kutoka Nanyuki anakofanya kazi. Ni mdogo wangu, na ndiye mwanamume pekee kwetu tangu baba alipofariki. Alikaa na mama jikoni kwa muda mrefu. Nilidhani wanazungumza habari za ng'ombe. Alipoondoka, mama hakulitaja pazia tena. Sasa alitaka kabati kutoka ukuta hadi ukuta, milango minne ya mbao kamili, upande mmoja wa nguo ndefu na upande wa pili wa rafu. Alisema ukijenga, jenga pande mbili.

Nilielewa kwamba mama ananiombea mume mwingine. Niliona aibu, kisha nikafurahi, na usiku nikajikuta napanga ni nani huyo atakayetundika makoti yake upande wa pili. Naandika hili kwa uchungu, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Fundi niliyempata ni mzee Mwislamu wa mjini, mwenye karakana nyuma ya soko. Alikuja na tepu yake, akapima, akanichorea makabati mawili kwenye kipande cha katoni. La kwanza lilikuwa la kusimama lenyewe, lenye mgongo na mbavu zake. La pili lilikuwa la kushikwa na ukuta, na hilo lilikuwa nafuu zaidi kwa sababu ukuta wenyewe ndio mgongo, na mbao hazihitajiki nyingi. Kabla sijachagua aliniuliza swali.

"Nyumba ni ya nani, mama?"

"Ni kwetu."

"Kwenu kwa wazazi, ama ni yako wewe?"

Nilimuuliza kwa ukali tofauti ni nini. Hakukasirika.

"Ile ya kusimama utahama nayo. Ya ukuta inabaki na ukuta."

"Mimi sihami," nikamwambia.

Alikunja tepu yake. Niliamini anataka kuniuzia mbao nyingi. Jioni nilimsimulia mama jinsi fundi alivyojaribu kunila pesa, na mama akacheka, akasema mafundi ndivyo walivyo. Alinimiminia chai. Alikuwa anajua, na bado alinimiminia chai.

Milango nilichagua ya mbao za saiprasi. Ili kupunguza gharama, nilimwomba fundi ailete bila kupakwa kitu. Niliisugua mwenyewe kwa msasa nyuma ya jikoni, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka vidole vikatoka damu, kisha nikaipaka vanishi mara tatu. Vishikio sikununua. Nilikuwa na vile vigurudumu vya zamani vya mbao vya kuzungushia uzi, nilivyoachiwa na bibi aliyenifundisha kushona, nikavikaza kwa skurubu, kimoja kwa kila mlango. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama ile milango. Ilifunga bila kelele, na ukiifungua ilitoa harufu ya msitu.

Nilikaa na kabati hilo miezi mitatu. Nguo zangu zilijaa upande mmoja tu. Nilipoanza kuweka vitambaa vyangu vya kazi upande wa pili, mama aliniambia nisijaze huko, nikaviondoa. Sikuuliza kwa nini.

Kisha kaka akapata mchumba. Mahari yalipelekwa, mambo yakaenda vizuri, na ikafika siku ya itara, yaani siku ambayo wanawake wa upande wa msichana huja kuona nyumba atakayoishi mtoto wao. Nilijua, kama majirani wote walivyojua, kwamba kaka angejenga kule chini karibu na majani ya ng'ombe. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa. Nilidhani wageni wataonyeshwa vigingi, wale chakula, waimbe, waende. Tangu alfajiri nilikuwa namenya viazi vya kupondea mukimo, na nilikuwa na furaha ya kweli kwa ajili ya kaka yangu.

Asubuhi hiyo mama aliniletea mabegi yangu mawili. Aliniambia nitie nguo zangu humo, si vizuri wageni kuona nguo za mtu. Nikatia. Nilidhani ni usafi tu.

Wanawake walifika kama ishirini, na kanga mabegani na vikapu vilivyojaa. Mama aliwapokea, akawapitisha sebuleni, akaingia nao kwenye korido. Mimi nilikuwa nyuma yao na sinia la vikombe. Walipita chumba cha mama wakasimama mbele ya changu. Mama akafungua. Kitandani palikuwa na shuka jipya ambalo sikuwahi kuliona. Shangazi wa bibi harusi, mwanamke mpana mwenye sauti, alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kabati akagonga mlango kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayenunua tikiti maji. Akasema hii ni mbao, si karatasi. Akafungua pande zote mbili, zikiwa tupu, zinang'aa. Akapanga papo hapo kwa mdomo suti za bwana upande huu na nguo za mtoto wao upande ule, na wenzake wakakubali. Halafu akauliza ni nani aliyetengeneza kitu kizuri hivi.

Mama akaniwekea mkono begani.

"Ni huyu. Alijengea ndugu yake."

Wakanipigia vigelegele. Mimi, na sinia langu, nikatabasamu. Mtu aliyebeba vikombe ishirini hana mahali pa kuweka mikono yake.

Walipoondoka nilimfuata mama jikoni, nikamuuliza alijua tangu lini. Hakukana. Alikuwa anasuuza sufuria na hakugeuka.

"Kijana hawezi kuoa akae kwa nyumba ya kukodi, na nyumba ya baba yake iko. Wewe mbuzi zako za mahari zilikuja hapa na tukazila. Mtu hawezi kuwa na nyumba mbili."

Mwenye nyumba mbili ni mimi, na mabegi yangu mawili yako nyuma ya mlango wa jikoni. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini nilichukua kitambaa. Nilimaliza kukausha vikombe.

Jumatatu nilimwita tena fundi. Aliangalia lile kabati, akaniangalia mimi, na kwa heshima yake hakusema lolote kuhusu siku ile ya tepu. Alisema tu kwamba mwili hautoki bila kuuvunja pamoja na ukuta, lakini milango inatoka. Akafungua bawaba moja baada ya nyingine. Mama alisimama kwenye korido, mikono imefungwa kifuani, akasema naharibu nyumba ya ndugu yangu. Kaka akapiga simu kutoka Nanyuki akaniita mwenye wivu. Labda ninao. Nilimlipa mwenye pikapu, tukapakia milango minne, cherehani na mabegi.

Sasa naishi kwenye chumba kimoja cha kukodi Ruring'u. Nilipanga kumwambia fundi aijengee milango mwili wa kusimama, lakini kila mwezi kuna jambo, na kusema kweli kila ninapoigusa naanza kulia, kwa hivyo nimeiacha. Nasikia kule nyumbani mke wa kaka ametundika pazia. Sina ugomvi naye. Hakuna aliyemwambia chumba kilikuwa cha nani.

Wiki iliyopita mama alipiga simu, mara ya kwanza tangu niondoke. Nilipoona jina lake nilikaa kitandani kwanza kabla ya kupokea, nikijiandaa kumsamehe. Hakuuliza nakula nini wala nalala wapi. Alisema pazia linaingiza vumbi, na suti za kaka zinaharibika, kwa hivyo nirudishe ile milango kabla ya mwisho wa mwezi. Nikaitazama milango. Alidhani simu imekatika, akaita jina langu mara mbili.

"Na wewe hiyo milango ni ya nini?" akauliza. "Huna ukuta."

Milango iko hapa kando ya kitanda, imeegemea ukuta wa mwenye nyumba, vigurudumu vya uzi vimetazama ndani. Nguo zangu bado ziko kwenye mabegi yale aliyoniletea asubuhi ile, na kila siku nachomoa ya juu, naivaa, naenda kazini.